Lori la dizeli lisilopata joto kwenye baridi kali: dalili na vyanzo vyake

Dereva aliyejifunza kazi akipandisha mzigo Kitonga au Mai Mahiu ameizoea geji ya joto kwa hofu moja: isipande mno. Akifika Minnesota, Dakota Kaskazini au Manitoba mwezi wa kwanza anakutana na kinyume chake. Injini imeunguruma saa nzima na mshale bado umelala. Hita inapuliza ubaridi, kioo cha mbele kinaganda kwa ndani, na nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Kijiji cha Tower huko Minnesota kiliwahi kufika −51°C, tarehe 2 Februari 1996, na barabara ya I-29 kutoka Fargo kwenda mpaka wa Kanada ina vipande virefu vya tambarare tupu ambako upepo haukutani na kizuizi. Kabini ikipoteza joto mahali kama pale, uhai wa dereva uko hatarini. Nimeandika kwa kirefu kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kenya, Kongo, Burundi na Tanzania wanaoshika usukani huku na hawakukulia kwenye baridi.

Kabla ya kugusa spana, jibu swali moja: kilicho baridi ni injini, au ni kabini peke yake? Geji ikiwa chini na hita nayo ni baridi, tatizo liko kwenye injini. Geji ikiwa mahali pake na hita ni baridi, injini ni nzima, ila maji ya moto hayafiki kwenye hita au hewa haipiti inapotakiwa. Anayechanganya mambo haya mawili hununua themostati mpya wakati shida yake ilikuwa vali ndogo ambayo fundi aliifunga wakati wa kiangazi.

Geji haipandi lori likisimama, lakini barabarani inapanda

Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Simu ninazopokea asubuhi za baridi huanza hivi: "Kaka, nimeiwasha tangu saa kumi alfajiri, sasa ni saa moja na bado haijapata moto." Jibu langu ni lile lile: "Mdogo wangu, ukiendelea kuisubiri hapo hata saa sita mchana itakukuta hapo. Kagua upepo wa breki, uondoke taratibu."

Joto la injini linatokana na dizeli inayochomwa. Injini kubwa ya lori ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kutembea, inachoma takriban lita 3 kwa saa. Ikivuta mzigo kwenye barabara kuu inachoma zaidi ya lita 35 kwa saa. Hizo lita 3 hazitoshi kupasha joto chuma chenye uzito wa zaidi ya tani moja, pamoja na oili na maji yake, huku upepo wa −30°C ukiipuliza kila upande. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Injini ya petroli ikiwa sailensa hubana hewa inayoingia, lakini injini nyingi za dizeli hazifanyi hivyo. Kila silinda inavuta hewa yake yote, hewa ya baridi kali, na kutoka nayo kwenye ekzosi ikiwa imebeba sehemu kubwa ya joto kidogo lililopatikana. Injini inajipooza kwa pumzi yake yenyewe.

Kwa hiyo cha kwanza ni kuongeza mizunguko. Malori mengi ya Amerika Kaskazini yanakuruhusu kutumia vitufe vya kruzi, vile vya kushikilia mwendo, kupandisha sailensa hadi mizunguko 1000 au 1200 kwa dakika. Usiiache kwenye 600 kwa masaa. Kwa mizunguko ya chini na injini ya baridi, sehemu ya dizeli haiungui. Inashuka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inaingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuipunguza oili unene, na nyingine inatoka kwenye ekzosi ikiwa utomvu mweusi. Injini inayolala sailensa kila usiku wa baridi inachakaa bila kutembea hata maili moja.

Katika baridi ya kawaida, dakika 3 hadi 5 zinatosha kabla ya kuondoka. Ikiwa ni −30°C, ipe dakika 10 hadi 15 ili oili ifike vizuri kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) na upepo wa breki ujae, kisha ondoka kwa gia za chini bila kukanyaga hadi mwisho. Subiri geji ipite 60°C (malori mengi ya Marekani yataandika 140, kwa Fahrenheit) ndipo uipe mzigo kamili. Mzigo mdogo wa dakika 15 huipasha injini kuliko saa mbili za kusimama.

Cha pili ni pazia la mbele, lile turubai linalofungwa juu ya grili. Linazuia upepo wa barabarani usiipooze rejeta na injini kupita kiasi, na watu wa Winnipeg na Grand Forks hawaendeshi bila hilo. Lakini usilifunge lote. Nyuma ya grili kuna pia kipozeo cha hewa ya tabo, nacho kinahitaji upepo. Ukikiziba kabisa, hewa inayoingia kwenye injini inapanda joto kupita kiwango unapopanda mlima. Acha tundu la katikati wazi, au fungua pande zote mbili kwa usawa, ili mapanga ya feni yasipigwe na hewa upande mmoja tu. Baridi ikipungua, kiasi cha nyuzi chache juu ya sifuri, livue.

Geji haifiki mahali pake hata ukivuta mzigo

Hii ni dalili ya ugonjwa. Injini nzima yenye mzigo inatakiwa ifike kati ya 82°C na 95°C na ikae hapo, hata nje kuwe na −35°C. Ikikaa kwenye 60 au 65, au ikipanda unapopanda kilima na kuporomoka mara tu unaposhuka, anza na themostati. Mimi naanza nayo kila mara, kwa sababu ndiyo chanzo cha kawaida kuliko vyote, na ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na hasara zake.

Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, kwa kawaida 82°C au zaidi kidogo kulingana na injini. Ikikwama wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na rejeta ya lori iliyotengenezwa kuipooza injini jangwani Arizona haishindwi kamwe kuipooza huku.

Ipime bila kuifungua. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe na uushike mpira wa juu wa rejeta ukiwa na glavu nyembamba, au uuelekezee kipimajoto cha bastola. Mpira huo unatakiwa ubaki baridi kabisa wakati geji inapanda 40, 50, 60, 70. Themostati inapofunguka, utausikia umepata moto ghafla. Kama mpira unapata uvuguvugu pamoja na injini tangu mwanzo, maji yanapita mahali ambapo yasingepaswa kupita. Weka mikono na nguo mbali na feni na belti. Glavu iliyoshikwa na belti huvuta mkono mzima.

Ukiitoa, iangalie vizuri. Uchafu mdogo au kipande cha gundi ya gasketi kinaweza kuizuia isifunge. Iweke kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi; namba yake imechapwa kwenye chuma chake. Injini nyingi kubwa zina themostati mbili, na nyingine zina mpira wa kuziba unaokaa kwenye nyumba yake. Badilisha zote pamoja na mpira huo. Nimeona watu wanaweka themostati mpya, wanauacha mpira wa zamani uliokatika, maji yanavuja pembeni, na lori linarudi gereji na ugonjwa ule ule.

Na hapa niseme wazi kwa wanaotoka nyumbani. Kule kwetu fundi anayetaka kuliponya lori linalochemsha hung'oa themostati na kuitupa, na wengi mmeliona hilo tangu utotoni kiasi cha kudhani themostati ni pambo. Huku ukifanya hivyo, hita yako imekufa, kifaa cha kuchoma masizi kimekufa, na injini itakula dizeli zaidi kila siku. Hata kule nyumbani si tiba nzuri, kwa kuwa kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayoziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji haiendi kwenye rejeta kabisa, na injini inaweza kuchemsha zaidi. Ukinunua lori kuukuu lililotoka kusini, Texas au Florida, fungua uhakikishe themostati imo ndani.

Themostati ikiwa nzima, sikiliza feni. Feni ya lori ikishikwa na klachi yake inanguruma kwa nguvu na dereva anaisikia akiwa ndani. Kwenye baridi ya −20°C inapaswa kulala karibu muda wote. Baadhi ya klachi za feni kwenye malori makubwa zimetengenezwa kwa namna kwamba zikikosa upepo au umeme feni inazunguka daima, maana watengenezaji wanaogopa kuchemsha kuliko ubaridi. Kwa hiyo waya mmoja uliokatika, bomba la upepo lililoganda, au swichi ya presha ya kiyoyozi iliyoharibika, inatosha kuipuliza injini baridi safari nzima. Angalia pia kama mtu aliacha swichi ya feni ya dashibodi imewashwa.

Halafu kuna sensa inayosema uongo. Kipimo chake ni rahisi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, na lori likiwa halikuchomekwa kwenye umeme wa hita ya injini, soma namba tatu kwenye skana au dashibodi: joto la kulanti (maji ya kupoozea injini), joto la oili, joto la hewa inayoingia. Lori lililolala masaa 12 nje lina joto moja kila mahali, kwa hiyo zote tatu zinatakiwa kukaribiana. Kulanti ikisoma 15 wakati nyingine zinasoma −25, mwongo umempata. Injini ikishapata moto, linganisha tena geji na kipimajoto cha bastola kwenye nyumba ya themostati.

Taa ya masizi haizimi, na DEF inagoma

Wengi hawaunganishi dalili hii na joto la injini, na inawagharimu pesa nyingi. Malori ya Marekani yaliyotengenezwa tangu 2007 yana chujio la masizi kwenye ekzosi, na yale ya tangu 2010 mengi yanatumia DEF, yaani mchanganyiko wa urea na maji. Chujio likijaa, injini inaongeza joto la ekzosi hadi karibu 600°C ili kuyachoma masizi. Kompyuta haikubali kuanza kazi hiyo kama kulanti bado iko baridi. Themostati iliyokwama wazi inaweka kulanti kwenye nyuzi 60, kompyuta inasubiri, masizi yanaongezeka, taa inawaka, nguvu ya injini inapunguzwa, na gereji inabadilisha sensa moja baada ya nyingine. Kama taa hii inakusumbua wakati wa baridi tu na majira mengine imetulia, iangalie geji ya joto kwanza.

DEF inaganda ikifika −11°C. Hilo ni la kawaida na halizuii injini kuwaka. Tangi lake linayeyushwa na maji ya moto ya injini yanayopita ndani yake. Injini isipopata joto, DEF haiyeyuki, na baada ya muda kompyuta inaanza kulalamika. Chanzo kingine ni vali ya kulanti ya tangi hilo kukwama. Usimimine dawa yoyote ya kuzuia kuganda ndani ya DEF. Inaharibu mfumo mzima wa kusafisha moshi. Usilijaze tangi hadi shingoni kabla ya usiku wa baridi kali, kwa sababu DEF ikiganda inatanuka.

Geji iko sawa, kabini ni baridi

Tafuta mipira miwili midogo ya maji inayoingia kwenye hita ya kabini. Injini ikiwa na moto, ishike yote miwili kwa uangalifu.

Yote miwili ikiwa ya moto sana, maji yanafika. Tatizo liko upande wa hewa. Mlango mdogo unaogawa hewa ya moto na ya baridi umekwama au mota yake imekufa, au chujio la hewa la kabini limejaa theluji na majani. Kwenye −30°C, ukiisha kuondoa ukungu kwenye kioo, weka hewa izunguke ndani kwa muda. Hita haina uwezo wa kupasha hewa mpya ya nje mfululizo.

Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, maji yamekwama. Angalia vali za kufungia zilizo karibu na injini, ambazo huzungushwa kwa mkono. Zikiwa wazi, basi ndani ya hita kuna uchafu. Mara nyingi uchafu huo umetokana na kuchanganya kulanti za aina mbili zisizopatana, au dawa za kuziba matundu zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta. Hita ndogo ndiyo ya kwanza kuziba. Inaweza kuoshwa kwa maji safi kinyume cha mkondo wake, kwa presha ndogo.

Yote miwili ikiwa ya uvuguvugu, kulanti imepungua, au kuna hewa ndani, au pampu ya maji imechoka. Kwenye malori mengi hita ya kabini iko juu, hivyo maji yakipungua ndiyo inayokauka kwanza wakati injini bado inaonekana haina shida. Usiridhike na kuongeza maji, tafuta yanapokwenda. Baridi kali husinyaza mipira na vibano vyake, na uvujaji mwingine hutokea usiku tu na kujiziba wenyewe injini ikipata moto. Kagua chini ya lori alfajiri kabla ya kuwasha, theluji nyeupe itakuonyesha rangi ya kulanti.

Hita ya sehemu ya kulala ni suala la pembeni. Zile za Webasto au Eberspächer zinazochoma dizeli na kupuliza hewa zinampasha dereva tu, haziisaidii injini. Ziko aina nyingine zinazopasha kulanti, hizo zinasaidia vyote viwili. Zote zinanywa dizeli ile ile ya lori, kwa hiyo dizeli ikiganda na hita nayo inazima.

Geji iko juu sana, kabini baridi, na nje ni −35

Simama mahali salama, zima injini. Dereva mgeni haamini kwamba lori linaweza kuchemsha kwenye baridi ya namna hii, lakini linaweza, na chanzo kikubwa ni rejeta kuganda. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka −37°C hivi. Mtu aliyekuwa akiongeza maji matupu kidogo kidogo tangu mwezi wa saba ameidhoofisha bila kujua, na sasa inaanza kuwa uji wa barafu kwenye −20°C. Rejeta ikiganda hakuna mzunguko, injini inapata moto kupita kiasi huku mpira wa chini wa rejeta ukiwa mgumu na wa baridi. Ukiendelea kuendesha utapasua silinda hedi.

Usifungue kifuniko cha moto. Lori livutwe hadi ndani ya gereji yenye joto, liyeyuke taratibu, kisha kulanti ipimwe kwa refraktomita, kile kifaa cha kuangalia tone kwa jicho. Kwa safari za kaskazini kabisa, 60 kwa 40 inakufikisha karibu −50°C. Usidhani kwamba kulanti tupu bila maji ni bora zaidi: aina ya kawaida ikiwa tupu inaganda karibu −13°C.

Chanzo kingine cha geji kupanda kwenye baridi ni pazia lililofungwa lote, na hicho unakimaliza kwa mikono yako kandokando ya barabara.

Moshi mweupe baada ya kuwasha

Dakika chache za moshi mweupe unaouma macho ni dizeli isiyoungua, na kwenye baridi kali ni kawaida. Ukizidi nusu saa, au ukiambatana na injini kutetemeka, kagua kifaa cha kupasha hewa kabla ya kuwasha, yaani plagi za moto au sahani ya umeme kwenye njia ya hewa, halafu injekta. Moshi mweupe wenye harufu tamu na kulanti inayopungua ni jambo jingine, hapo maji yanaingia kwenye silinda.

Injini yenye vifaa hivyo vya kupasha hewa usiipulizie etha, ile dawa ya kopo ya kusaidia injini kuwaka. Mvuke wake unalipuka kwenye njia ya hewa na kuvunja vyuma.

Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili huwatisha wengi, lakini kwenye lori linalokaa sana sailensa mara nyingi ni unyevu wa kawaida ambao haukupata moto wa kutosha kukauka. Endesha saa mbili na mzigo, ufute, uangalie tena. Ukirudi na kulanti nayo inapungua, peleka kwa fundi.

Inawaka, inakwenda kidogo, kisha inakosa nguvu na kuzima

Hapa usiangalie joto la injini, angalia dizeli. Dizeli ya kawaida, namba 2, ina nta ndani yake, na kuanzia karibu −10°C nta hiyo inaanza kujitenga na kuziba filta. Mtu wa pwani anaijua hali hii kwa mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe. Lori lililojazwa Oklahoma, kusini, na kuegeshwa Bismarck, Dakota Kaskazini, usiku limebeba dizeli ya Oklahoma. Jaza mafuta kaskazini, ambako vituo huchanganya namba 1, dizeli nyepesi yenye nta kidogo, wakati wa baridi, au weka dawa ya kuzuia kuganda ukiwa bado na dizeli ya majimaji, kabla ya kujaza, ili ichanganyike. Dawa hizo haziyeyushi nta iliyokwisha kuganda. Iliyokwisha kuganda inahitaji filta mpya na dawa ya aina nyingine, ya kuyeyushia, ama gereji ya joto.

Usichanganye petroli. Inaondoa ulainisho kwenye pampu na injekta, na mvuke wake kwenye tangi ni hatari ya moto. Mafuta ya taa yanafanana na dizeli namba 1, lakini yale yenye rangi nyekundu hayaruhusiwi kwenye magari ya barabarani Marekani, na mengine yana salfa inayoharibu kifaa cha kusafisha moshi.

Hita ya umeme ya bloku inachomekwa lakini haifanyi kazi

Lori lililochomekwa kwa masaa matatu au manne linatakiwa bloku yake, yaani mwili wa chuma wa injini, iwe na uvuguvugu kwa mkono. Isipokuwa nao, anzia ukutani na uje mpaka kwenye injini. Swichi ya kinga ya yadi huruka mara nyingi kwa sababu ya unyevu, na dereva aliyechomeka saa mbili usiku hana habari mpaka alfajiri. Waya wa kuongezea ukiwa mwembamba unakula umeme na kupata moto. Hita ya wati 1500 kwa umeme wa volti 120 inavuta ampea 12.5, kwa hiyo tumia waya mnene na mfupi.

Kisha chukua testa, chomoa plagi, pima ukinzani kati ya miguu miwili bapa ya plagi ya lori. Hita ya wati 1500 itasoma karibu omu 9.6, ya wati 1000 karibu 14.4. Ikisoma hakuna mzunguko, waya umekatika au elementi imeungua, na mara nyingi ni waya, pale unapopinda karibu na bampa. Pima pia kati ya mguu mmoja na chasi. Hapo hapatakiwi kusoma chochote. Ikisoma, usiichomeke tena mpaka ibadilishwe. Elementi huungua haraka ikikaa kwenye hewa badala ya kulanti, kwa hiyo baada ya kumwaga na kujaza kulanti, toa hewa yote kwanza ndipo uchomeke.

Oili nayo ina sehemu yake. 15W-40 inayotumika kiangazi hupimwa uwezo wa kuzungushwa na stata kwenye −20°C, na 5W-40 kwenye −30°C. Kama lori lako linalala nje Dakota, badilisha uweke 5W-40 mwezi wa kumi na moja, ukihakikisha mtengenezaji wa injini ameiruhusu. Usiwashe moto wa mkaa wala gesi chini ya sampu kwa sababu yoyote. Na kabla ya kulala huku injini ikiwaka, zunguka lori uone kwamba theluji haijafunika mdomo wa ekzosi, maana gesi ya sumu iliyo kwenye moshi unaorudi kabini haina rangi wala harufu ya kukuamsha.

Lori likiendelea kugoma, mpelekee fundi namba: joto la nje, uzito wa mzigo, mwendo, geji ilisoma ngapi ulipokuwa tambarare na ngapi uliposhuka kilima, na feni ilikuwa kimya au ilinguruma. Ziandike ukisimama, usiku huo huo. Asubuhi lori likiwa ndani ya gereji yake yenye joto, dalili zote zitakuwa zimejificha.